Bunduki ya Duka

Kwanza alinisahihisha: hii si gobore.
Gobore hushindiliwa baruti mdomoni;
hii huvunjwa kiunoni, hula fataki mbili,
ni ya marisau, mitutu miwili, nyundo mbili
zimesimama kama masikio ya punda aliyesikia fisi.

Fundi Kwilasa, Mtaa wa Rufiji,
nyuma ya watengeneza cherehani.
Nilikuja na barua ya polisi, ruhusa ya siku tatu,
na bunduki ndani ya kanga ya shangazi Milembe
ambayo maneno yake yamefuliwa yakaisha.

Kaka zangu wanataka bei.
Masalu ameshaigawa kichwani: nusu injini ya mtumbwi,
nusu bati. Luhende anasema imeandikwa,
tazama, juu ya mitutu, kwa herufi za kupinda:
VITHALJI NA WANAWE, MWANZA.
Kampuni hiyo haipo tena, anasema,
na kitu ambacho aliyekiunda hayupo
bei yake hupanda.

"Vithalji hakuunda hata msumari," akasema fundi.
"Aliuza chumvi, majembe, mafuta ya taa, kaniki.
Bunduki aliagiza kwa dazeni, kama sufuria,
na kiwandani wakamchongea jina kwa nyongeza kidogo.
Ukitaka kumjua mama wa mtoto, usisome shati."

Akaifungua. Mkono wa mbele ukatoka
kwa mlio wa kidole kinachoteguka.
Tumboni mwa mitutu, pasipofika jua
tangu babu Nkwabi alipokuwa na meno yote,
palikuwa na yai dogo, herufi tatu ndani, taji juu.
"Ubelgiji," akasema, kama mtu anayetaja ukoo.

Akapaka siki kwa pamba. Tukasubiri.
Chuma kikaanza kuonyesha ukili wake,
kilaini na kigumu vimesukwa pamoja,
mkeka uliokunjwa ukawa bomba.
"Mitutu mizuri. Na ndiyo maana usiipige kamwe.
Baruti ya siku hizi itaifumua
pamoja na vidole vyako."
Akaitundika kwa uzi, akaigonga kwa kalamu.
Ilipaswa kulia kama kengele.
Ilikohoa.

Bei? Laki na ishirini,
kwa mtu wa kutundika ukutani, naye awe na kibali.
Bei ya beberu,
na beberu hadaiwi kibali.

Basi nikamwonyesha mapengo ya kwenye kitako,
saba, yamekatwa kwa tupa, chini ya pahali pa shavu.
Hayo Kayenze nzima inayajua:
viboko saba waliokula viazi vyetu usiku,
na babu kifudifudi kwenye matete, mbu wakimla, hapumui.
Yamesimuliwa matangani na harusini.
Kiboko wa tano ana hata jina.

Fundi alinyamaza kuliko tulivyoisubiri siki.
"Nimezifungua tatu za duka hili.
Moja ya Magu, moja ya Nansio, moja ya mchungaji.
Zote zina mapengo manane, pahali pale pale, tupa ile ile.
Vithalji alikopesha kwa misimu ya pamba.
Ukilipa, anakata mbele yako,
kwa kuwa wateja hawakuliamini daftari lake,
naye hakuziamini kumbukumbu zao."

Nikahesabu tena kwa kidole gumba.
Saba. Na baada ya saba, mkwaruzo:
tupa imeanza, haijaingia kwenye mti.
Mvua ziligoma mwaka ule? Duka lilifungwa?
Au babu alileta pamba yenye mchanga,
wakabishana penye mizani, mkono ukasita?
Fundi hakujua. Akanifungia siki kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
hakunidai.

Bunduki niliirudisha kituoni, nikapewa stakabadhi.
Nilifika Kayenze watu wakianua dagaa.
Shangazi Milembe, macho yake yameingia ukungu,
aliipokea kanga, akaipapasa, akaikuta nyepesi.
"Ni ngapi?" akauliza.
Sikujua anauliza shilingi au viboko.
"Saba," nikasema. "Na kitu."

Akatikisa kichwa, akaikunja kanga mara nne.
"Kumbe yule wa nane
alimjeruhi tu."